Mpira Umepita Tumboni

Wodi ya watoto, Dar es Salaam
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba Mwanaidi, mume wangu,

Salamu zangu zikukute hapo Kwamsisi umeinamia gurudumu la mtu, au umekaa barazani unangoja maji ya kuoga ambayo siku hizi hakuna wa kukuchemshia. Mgongo wako u hali gani? Na mama yako, miguu yake inamwacha alale? Shikamoo yake naileta mbele ya yote. Sisi huku tunapumua, wote wawili. Nimelitanguliza hilo la wote wawili kwa makusudi, maana nakujua, ungekimbilia mwisho wa barua kutafuta habari mbaya. Soma taratibu. Habari mbaya ipo katikati, na imekwisha.

Unakumbuka siku nilipoanza kwenda kisomo pale ghalani? Ulicheka, ukaniuliza, "Mwanahawa, na ukishajua kuandika utamwandikia nani, sisi tunalala chumba kimoja?" Haya bwana. Wiki ya saba hii chumba si kimoja. Shika barua yako. Tena usiifungulie dukani mbele za watu. Isome peke yako kwanza, kisha umsomee mama yale utakayoona yanasomeka.

Nimekukumbuka, mume wangu, sikufichi. Nakumbuka hata ile harufu ya solusheni ya viraka iliyokuwa ikinikera mezani. Juzi alipita mtu hapa nje anasukuma baiskeli, mnyororo unalia kwa kukosa mafuta, nikatoka mbio hadi kwenye ngazi. Nilijua fika si wewe. Ulituambia Mkata, siku unatupandisha basi, kwamba zamu yako ya shamba la kijiji ikiisha utakuja, na mimi najua zamu za mwaka huu haziishi. Lakini nilitoka. Mama Elia akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, "Hakuna kitu, natazama baiskeli."

Huyu Mama Elia ni mwenzangu wa kitanda cha pili, Msambaa wa milimani juu ya Mombo. Mkristo, mcheshi, na mdomo wake hauna likizo. Ananitania kila siku kwamba sisi Wazigua wa nyikani tumezoea jua mpaka mvua tukaiogopa, nami namwambia wao wamezoea baridi hata uji wanaupulizia wakati umeshapoa. Bila yeye nisingejua la kuchagua siku ya kuchagua ilipofika. Nitakueleza.

Siku ya kwanza daktari alimpima Mwanaidi kichwa kwa utepe, akamfunua macho. Unayajua yale macho. Kiini kimezama chini kwenye kope, juu weupe mtupu, kama mtu anayetafuta sindano iliyomdondoka. Tangu alipoanza kuvimba kichwa mwanangu hajapata kunitazama usoni. Mimi namnyonyesha, yeye anatazama magoti yangu. Wewe ndiye uliyeligundua lile la kulala chini. Mimi nampakata, wewe unajinyoosha chali kwenye jamvi miguuni pangu, ndipo anakuona, anacheka hadi mabega. Jirani wakasema fundi baiskeli karogwa, analala vumbini chini ya miguu ya mkewe. Nawe ukawaambia, "Nendeni zenu, mimi natazamwa na binti yangu."

Basi daktari akasema kila kichwa cha mtu hutengeneza maji kila siku, hata changu na chako, na maji hayo yana njia ya kutokea. Kwa mtoto wetu njia imeziba. Maji yanajaa, na kwa kuwa mifupa ya mtoto haijafunga, kichwa kinapanuka, na ubongo unabanwa. Si jini. Si jicho la mtu. Wala si kwa sababu nilivuka njia panda adhuhuri nikiwa na mimba, kama alivyosema mama. Hilo la njia panda limenikaa moyoni miezi yote, na siku ile lilitoka, nikalia mbele ya daktari mzima.

Nikamwuliza na lile la kumkanda. Nilimweleza jinsi kwetu mtoto anavyokandwa kichwa kila asubuhi kwa maji moto na viganja, huku na huku, mpaka kipate umbo, na jinsi mama alivyosema hiki cha Mwanaidi kinataka kukandwa zaidi kuliko vyote. Hakunicheka. Alisema, "Mwambie bibi yake kwamba mikono yake haikumtia ugonjwa. Lakini maji haya hayatoki kwa kukandwa." Naomba hilo umsomee mama kama lilivyo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ni mambo ya kazi yako.

Daktari alisema njia tatu zipo. Ya kwanza ni kutoboa kwa sindano pale utosini na kuyavuta maji. Alimfanyia hivyo siku ya pili, mtoto akapata nafuu, na baada ya siku chache kichwa kikajaa tena. Ni kama kuteka maji ya mtumbwi unaovuja. Hiyo ni ya kuvutia siku tu. Zilizobaki mbili ni za kumwekea mpira, mpira mwembamba kuliko ule wa ndani wa valvu zako, unaoanzia ndani ya kichwa, unapita chini ya ngozi nyuma ya sikio, unashuka shingoni. Na una valvu! Nilipoiona kwenye sahani ya sista nilicheka peke yangu. Ni kazi ile ile unayoifanya kila siku, kitu kipite upande mmoja kisirudi. Maji yakizidi yanasukuma, yanatoka. Yasipozidi, inajifunga. Sista akashangaa, "Mama umeelewa upesi hivyo?" Nikamwambia mume wangu ni fundi.

Swali lilikuwa mpira umwage wapi. Ukipelekwa kwenye mshipa ulio karibu na moyo, maji yanachanganyika na damu, yanakwenda vizuri bila kukwama. Daktari alisema ndiyo njia waliyoizoea miaka mingi. Lakini uchafu ukiingia mle, damu itausambaza mwili mzima. Na jingine, mtoto anakua na mpira haukui. Akirefuka, ncha inavutwa juu inatoka mahali pake, inabidi afunguliwe tena arefushiwe. Ukipelekwa tumboni, kuna nafasi. Wanauacha mrefu, umejikunja mle ndani, na mtoto akirefuka unajikunjua pole pole wenyewe. Ubaya wake, mafuta ya tumbo yanaweza kuja kuuziba mdomo, na wengine wanarudi kwa sababu hiyo. Nikamwuliza, "Wewe ungekuwa ni wako?" Akavua miwani akaifuta. "Kwa mtoto wa mjini hapa, ningeweza kuchagua wowote. Nyinyi mnatoka wapi?"

"Kwamsisi, Handeni."

"Masika mnatokaje huko?"

"Masika hatutoki, daktari."

Kisha akasema nifikiri, na baba wa mtoto afikiri, jibu analitaka Jumanne ya wiki inayofuata kwa sababu kichwa kinaongezeka. Nikaenda posta kukupelekea simu ya maandishi siku ile ile. Hadi leo sijui ilikwama wapi, Handeni mjini au mfukoni mwa mtu.

Jumapili nikakaa na Mama Elia nje kwenye nyasi. Elia wake ana miaka minne, anakimbia wodi nzima, anaiba ndizi za wagonjwa. Mpira wake ni wa moyoni. Amekuja mara ya tatu hii kurefushiwa. Nikasema, "Mwenzangu, unajutia?" Akasema, "Nijutie nini, mtoto si huyo? Ila kila anapoota urefu watu wengine wanafurahi, mimi napata homa. Namvalisha kaptula, ikimbana tu, nashuka Mombo kutafuta basi." Halafu akanishika mkono, hakutania. "Na mimi kwetu barabara ya lami iko bondeni. Wewe je?"

Jumatatu ikapita hukujibu. Jumanne asubuhi sista akaleta karatasi na wino wa dole gumba, akauliza baba yuko wapi. Nikasema baba yuko shambani, na wino wako uondoe, nipe kalamu. Nikaandika jina langu lote. Herufi zilipanda mlima, lakini lilisomeka. Nikasema, "Tumboni."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nimechagua bila wewe. Najua mama atasema mwanamke gani huyu anayempasulisha mtoto wa watu bila ruhusa ya mwenye mtoto, na najua alikwisha sema tukienda Dar es Salaam mumiani watamnyonya damu. Kwa hilo la kutia sahihi, mume wangu, sikuombi msamaha. Ungekuwepo ungesema tumboni, kwa sababu hata wewe hufungi kitu ambacho huwezi kukifikia kukitengeneza. Msamaha nitakuomba kwa jingine, na sasa tumelifikia.

Alipasuliwa, akatoka salama. Ana mshono kichwani na mshono mdogo tumboni. Nyuma ya sikio la kulia, chini ya ngozi, kuna kiputo kidogo, ndipo valvu ilipo. Sista akanifundisha: weka kidole, bonyeza, achia, kijae tena. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, ili mpira usizibe. Basi. Hata siku moja usizidishe.

Nikafanya hivyo siku tatu. Utosi uliokuwa umevimba ukalala. Kichwa kikaanza kulegea. Nikaona, kumbe! Kumi zinaleta haya, na ishirini je? Kikipungua upesi si tutaruhusiwa upesi? Mikono ya mama ikanijia, ile ya kila asubuhi, kanda, kanda, usimwonee huruma, ndio uzuri wake. Na wewe ukanijia. Nikikuwaza unakula bada ya muhogo iliyolala, nabonyeza. Nikisikia kengele ya baiskeli, nabonyeza. Nikimaliza kufua, nabonyeza. Sikuhesabu. Mkono ulikuwa unakwenda nyuma ya sikio la mtoto kila roho iliponivuta kuja nyumbani, na roho ilinivuta mchana kutwa.

Siku ya tano akakataa ziwa. Akatapika. Sauti yake ikawa nyembamba, na utosi ulikuwa umebonyea, shimo kabisa, ungeweza kulaza yai la njiwa. Sista alikuja, akamtazama, akanitazama mimi.

"Umebonyeza mara ngapi?"

"Kumi."

"Mama Mwanaidi. Mara ngapi?"

Nikasema, "Sista, kwetu mtoto anakandwa."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema, "Huyu si wa kukandwa tena. Huyu anabonyezwa kwa hesabu." Wakamlaza bapa bila mto, kitanda wakakiinua kwa matofali upande wa miguuni, kichwa kiwe chini. Akawekewa maji ya mshipani. Daktari akanieleza bila kunificha kwamba maji yakitoka kwa kasi, ubongo unajikunyata unaachana na mfupa, mishipa inaweza kukatika, damu ikamwagika humo ndani, na hilo likitokea hana la kuniahidi. Tukangoja. Siku nne hakuna kumwinua, hakuna kumpakata. Nilikaa sakafuni, mkono mmoja nimempa ashike kidole, mwingine nimeukalia. Kweli kabisa, niliukalia, kwa kuuogopa.

Mwanangu nilitaka kumwua kwa hamu ya kukuona wewe. Nimeliandika hivyo hivyo ulione. Nisamehe.

Siku ya tano utosi ulipanda ukawa sawa. Akanyonya kama aliyetoka kufunga Ramadhani. Mama Elia akaimba kwa Kisambaa, na mimi nikamwitikia ingawa wimbo siujui.

Daktari anasema Jumatano ijayo turuhusiwe, ila anataka miezi miwili ya kwanza tukae karibu na hospitali. Kwa hiyo sitashuka Mkata. Nitapitiliza hadi Korogwe, ambako hospitali ipo, niende kwa mama yangu mzazi Kwamndolwa. Najua ni miezi miwili mingine, usifikiri nimeipokea kwa furaha, niliposikia nilinuna mpaka jioni. Lakini nimeshaonyeshwa kinachotokana na haraka. Wewe omba ruhusa kwa katibu wa kijiji, hata siku mbili, uje. Baiskeli ipandishe juu ya basi. Usijitie ujana wa kuja unakanyaga kutoka Kwamsisi hadi Korogwe, magoti yako nayajua kuliko wewe.

Kuna kazi nakuachia ambayo mimi kama mkwe siiwezi. Mama asimkande mtoto. Wala asimguse nyuma ya sikio la kulia. Nikisema mimi itakuwa nimemkosea adabu, nimetoka Dar es Salaam na ujuaji. Sema wewe, ni mwanawe. Chukua valvu nzima ya baiskeli, mpe mkononi, mwonyeshe upepo unavyokwenda na usivyorudi. Kisha fungua ile ya kwenye gurudumu, upepo wote uishe mbele ya macho yake, umwambie: mama, hivi ndivyo Mwanahawa alivyofanya, na yeye ni mama wa mtoto. Ukisema nimekosea mimi kwanza, atasikia. Na muelewe nyote kwamba mtoto akitapika, akilala usingizi usioamshika, akipata homa au utosi ukivimba, ni hospitali siku hiyo hiyo. Hirizi aliyotutumia mama nimeiweka chini ya godoro, haijafungwa shingoni, kwa kuwa mpira unapita hapo. Mwambie iko salama.

Nisalimie shangazi yako, dada wa marehemu baba, mwambie kanga yake aliyoniazima ndiyo inayomfunika mjukuu wake. Nisalimie mdogo wako wa kiume na mkewe aliyekaribia kujifungua, asiogope chochote nilichoandika hapa. Mwalimu wa kisomo mpe salamu zake peke yake, umwambie mwanafunzi wake ametia sahihi. Mama mpe shikamoo mara ya pili, na umshike mikono wakati unampa.

Hili la mwisho nimelibana tangu mwanzo wa barua, na nilikuwa nalionea raha kulibana.

Jana asubuhi nilimlaza mtoto kwenye kanga pale nyasini, nikasimama nianue nepi kwenye kamba. Nikahisi natazamwa. Nikashusha macho. Mwanaidi alikuwa ananitazama. Ananitazama mimi, usoni, kutoka chini kwenda juu, viini viwili vyeusi vimekaa katikati ya macho kama vya watu wote. Nikasogea kushoto, vikanifuata. Nikarudi kulia, vikanifuata. Sikujua kama anakunja kipaji cha uso namna yako. Miezi tisa ana sura yako, na mimi sikuiona. Nililia mpaka Mama Elia akaja mbio akidhani ni msiba.

Basi ukifika Kwamndolwa, usije ukalala chini, baba. Simama mlangoni, kwa urefu wako wote. Atakutafuta mwenyewe mpaka akuone.

Ni mimi mkeo,
Mwanahawa binti Salimu